Rafu ya Kushoto

Jumatano, 3 Machi 1993

Uwera amenibandika karatasi kwenye paji la uso sasa hivi, akarudi nyuma hatua mbili, akanikagua kama fundi anayeangalia ukuta aliopaka rangi, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Ana miaka miwili na miezi mitatu. Karatasi zenyewe ni lebo zenye gundi tunazobandua kwenye kanda za video kule kazini. Namletea badala ya mdoli. Ameshabandika mlango, masufuria, miguu ya kitanda, na mbuzi wa Mukabalisa, jirani anayenishikia mtoto.

Daftari hili nimepewa na mume wangu Shafiq kabla hajaondoka na lori kwenda Dar es Salaam. Kasema, "Andika kila siku, nikirudi unisomee, maana ukisimulia kwa mdomo unarukaruka." Shule niliacha darasa la sita. Kiswahili nimekipata kwa baba, fundi cherehani wa Biryogo, ambaye babu yake alitoka Tabora na mzigo wa vitambaa akasahau kurudi.

Mimi ni mfagiaji wa televisheni ya taifa. Televisheni yenyewe ni changa kuliko Uwera. Sisi hapa Gatsata, Kigali, hatuna hata moja, nikitaka kuiona naiona nikiwa na ufagio mkononi.

4 Machi

Mvua ya kupiga. Paa la chumba cha kanda linavuja upande wa kulia. Évode, mtunza kanda, amekwenda mazikoni Gitarama. Kanda nne zilikuwa zinadondokewa nikazihamishia rafu ya kushoto, nikazikausha kwa kanga yangu. Funga ya leo nzito, kichwa kiliuma mpaka magharibi.

5 Machi

Jean-Bosco, fundi wa mitambo, kanitania tena. "Mama Uwera, saumu imekula mashavu, sasa unafanana na ile antena!" Halafu akaniambia nibandue lebo zote za rafu ya kushoto. Kanda mpya hazinunuliki tangu vita na waasi wa kutoka Uganda vianze, kwa hiyo kipindi kikishaonyeshwa kanda inawekwa kushoto, inafutwa, inarekodiwa kingine juu yake. Nimebandua ishirini na kitu. Herufi na namba tu, sijui maana yake. Uwera kafurahi, kaoga nazo.

8 Machi

Évode amerudi kutoka mazikoni. Hakusalimu. Funguo zake zimefungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu.

11 Machi

Mvua. Maziwa ya unga ya Uwera yanaisha upesi mno. Kopo la wiki mbili limekwenda siku nane. Mukabalisa ana wajukuu watatu. Sisemi kitu, naandika tu.

15 Machi

Leo nina ya kuandika!

Nilikuwa napiga deki kwenye ukumbi. Bwana Rugamba, mkuu wa mauzo, akatoa kichwa mlangoni: "Hapa nani anajua Kiswahili cha kweli?" Jean-Bosco akanyoosha kidole. "Huyo wa ndoo."

Ndani kulikuwa na mgeni, kijana mrefu, viatu vinang'aa licha ya matope yote haya. Jina lake Eddie, tu, kama mtoto. Ametoka Nairobi. Yeye ana Kiingereza na Kiswahili, Bwana Rugamba ana Kifaransa na Kinyarwanda, basi wamekutana kama watu wawili ng'ambo mbili za mto Nyabarongo. Mimi nikawa daraja, mikono bado ina povu.

Sikujua kwamba televisheni ina soko. Kumbe huko Ulaya kuna mahali vituo vyote vya dunia vinakwenda kuuziana vipindi, kama watu wa ng'ombe mnadani. Bwana Rugamba alipeleka kipindi chetu kimoja, "Ku Ziko", yaani pale jikoni kwenye mafiga. Bibi Mukasine, mzee wa Kagugu, anakaa mbele ya moto anasimulia hadithi, watoto wanamkatiza, naye anawagombeza. Basi. Wazungu wamekipenda. Eddie anasema akikipata chote anaweza kukiuza Nairobi, Zanzibar, na kwa kituo kimoja cha Ubelgiji.

"Lakini mama," akaniambia, "mwambie hawa watu wananunua sehemu kumi na tatu. Robo ya mwaka ni wiki kumi na tatu. Ukiwapa kumi na mbili wanakurudishia zote."

Nikamwambia. Bwana Rugamba akanong'ona kwa Kinyarwanda, kama anajisemea, "Huyu mshenzi anadhani mimi sijui kuhesabu." Mimi nikatafsiri: "Bwana mkuu anasema zipo kumi na tatu kamili, karibu chai."

Eddie akatabasamu. Ila alianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

Nimerudi na jambo hilo mpaka nyumbani. Mtu wa Nairobi anaelewaje Kinyarwanda, na kwa nini anaficha?

Bwana Rugamba amesema biashara hii ikipita nitaacha ndoo. Nitakaa kwenye meza, nitatafsiri, mkataba wa kudumu. Nimemwambia Uwera. Kanibandika lebo mdomoni.

17 Machi

Nimetafsiri kutwa. Bibi Mukasine kwenye kioo anasema sentensi, naiandika kwa Kiswahili, Eddie anaisoma kwa sauti. Hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa. Nilicheka mpaka nikasahau njaa.

19 Machi

Nimemwona Évode nyuma ya jengo, karibu na jenereta, akimpa Eddie kifurushi. Cha mraba, unene wa kanda, kimefungwa gazeti na kamba. Eddie akakitia ndani ya koti. Hawakuongea hata neno. Waliponiona Évode akajifanya anatazama mawingu.

Mtu asiyesalimu anampa mgeni kitu mkononi. Mimi si mjinga.

20 Machi

Eddie ameondoka. Atapiga simu. Ameniachia biskuti za mtoto. Nimezinusa kwanza.

25 Machi

Idi. Shafiq alifika jana na vumbi la mpakani Rusumo hadi kwenye kope. Nimepika pilau. Uwera alimwogopa baba yake saa nzima, kisha akambandika lebo kwenye ndevu, urafiki ukaanza. Nimemsomea daftari. Nilipofika pale pa kifurushi akaacha kula.

"Hiyo usimwambie mtu," kasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui ndani mlikuwa na nini. Siku hizi, mke wangu, watu hawaulizi mara mbili."

27 Machi

Shafiq ameondoka. Mvua.

29 Machi

Balaa. Eddie amepiga simu, vituo vimekubali, vinataka kanda. Évode kafungua chumba kuzitoa. Zipo tisa. Namba tano, saba, nane na kumi na moja hazipo.

Bwana Rugamba alipiga kelele mpaka wahasibu wakatoka. Évode alisimama tu, anashikashika funguo zake. "Bwana mkuu, mimi nilizipanga mwenyewe, rafu ya kulia, nilipokwenda kuzika zilikuwepo." Jasho linamtoka na mvua inanyesha. Nilimtazama nikasema moyoni, huyo.

Saa tisa Bwana Rugamba akaniita peke yangu. Akanipa kiti. Hakuna aliyewahi kunipa kiti ofisini. "Wewe ulikaa na yule mgeni. Una macho. Umeona nini?"

Nilimkumbuka Shafiq. Nilikumbuka pia meza, na mkataba. Tena, niandike kweli, nilikuwa na hamu ya kuwa mtu anayejua kitu. Nikasema nimeona Évode akimpa Eddie kifurushi cha ukubwa wa kanda. Nikasema pia nadhani Eddie anaelewa Kinyarwanda.

Hilo la pili ndilo lililombadilisha uso. Akaweka kalamu chini. "Asante, Mama Uwera. Umefanya vizuri."

Nimerudi nyumbani natembea kama mtu aliyesifiwa.

2 Aprili, Ijumaa

Wamekuja watu wawili na gari lisilo na maandishi. Évode alikuwa anaandika lebo. Wakamwambia alete koti. Akaliacha, akasema hatakaa muda mrefu, kwa nini koti. Likabaki kwenye msumari.

Jean-Bosco hakutania leo.

5 Aprili

Koti bado lipo.

6 Aprili

Bwana Rugamba amenikabidhi funguo. Kamba ya kiatu ile ile. Kasema, "Chumba cha kanda ni chako mpaka tutakapojua." Nina meza. Nimeandika kwa kuwa ni habari njema.

9 Aprili

Mvua usiku na mchana, bonde la Nyabugogo limejaa, nimevuka na viatu mkononi.

13 Aprili

Wafanyakazi wanaacha kuongea nikiingia. Zamani nilikuwa na ndoo, wakiniruka tu. Sasa wananipisha.

14 Aprili

Nimemkamata mwizi wa maziwa. Nilirudi mapema, Mukabalisa anafua nyuma. Uwera alikuwa amepanda kigoda, anachota unga kwa kikombe, anampelekea mbuzi. Mbuzi pua nyeupe. Mwezi mzima namkunjia yule mama uso, naye kila magharibi ya Ramadhani, Mkristo wa watu, alikuwa ananiwekea maji ya kufuturia mlangoni.

Nilipomwambia akacheka mpaka akashika mbavu. "Yewe! Ndiyo maana ulikuwa unahesabu vijiko? Mimi nilifikiri unafanya hesabu za shule!"

Alijua. Alijua namshuku na akaendelea kumbeba mwanangu mgongoni.

20 Aprili, Jumanne

Leo jioni kulikuwa na mwanamke mlangoni, ana mtoto mchanga, kalowa. Akasema anaitwa Kamikazi, mke wa Évode. Anakaa Gisozi, amekuja kwa miguu.

Nilimwingiza. Nikafikiri amekuja kunitemea mate. Akakaa ukingoni mwa kitanda, Uwera akamsogelea yule mtoto mchanga akamgusa vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Dada," akasema, "samahani kukuingilia. Évode alikuwa ananiambia, pale kazini kuna mama mmoja anajua kusema na wakubwa, ni mpole. Nikasema nije kwako."

Mpole. Évode ambaye hasalimu.

Akaniambia wanamweka kituo cha polisi, hajui kwa kosa gani hasa. Chakula anapeleka, wanapokea sufuria, hajui nani anakula. Mara moja tu amemwona dirishani. Amekonda, jicho moja limefumba. Wanamuuliza kila siku ameuza nini kwa watu wa nje.

"Naye alimpa nini yule mgeni?" nikauliza. Sauti yangu nikaisikia kama ya yule mtu wa gari.

"Shali," akasema. "Dada yake amejifungua Nairobi. Mama yao ndiye waliyemzika mwezi wa tatu. Kabla hajafa alikuwa amefuma shali ya mjukuu. Évode akaifunga na picha ya mama, akamwomba mgeni apeleke. Hakutaka watu wajue ana dada nje, unajua mambo yalivyo, mwenye ndugu nje huitwa mwasi."

Mazikoni Gitarama. Mama yake. Kumbe ndiyo sababu hakusalimu tarehe nane, na mimi nikaandika funguo na kamba ya kiatu.

Nilimpa chai na kanga kavu ya kumfunika mtoto. Nikamwambia nitaona nitakavyofanya. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikarudi nikakaa chini sakafuni. Uwera akaja akanibandika lebo begani, pole yake ndiyo hiyo.

21 Aprili, Jumatano

Nimeibandua ile lebo begani asubuhi nikijiandaa. Imeandikwa KZ 8.

Mwezi na nusu nilikuwa naziona bila kuzisoma. Lakini sasa mimi ndiye mtunza kanda, na kila siku naandika KZ 1, KZ 2, KZ 3 kwenye zile tisa. Ku Ziko.

Nilimweka mtoto chini. Nikaanza na mlango. Nikaenda masufuria. KZ 5 iko chini ya sufuria la wali, imeungua pembeni lakini inasomeka. KZ 11 mguu wa kitanda. Nilipiga magoti kila mahali, Uwera akidhani ni mchezo, anatambaa nyuma yangu anashangilia. KZ 7 ilikuwa kwa Mukabalisa, kwenye pembe ya mbuzi.

Mwandiko wa Évode, ule wa kusimama wima.

Nikafungua daftari hili nyuma. Tarehe nne, paa, kanda nne, kanga yangu. Tarehe tano, rafu ya kushoto, lebo zote. Nilizihamisha zisilowe. Sikuzirudisha. Kesho yake nikazibandua kwa mikono hii, Jean-Bosco akazifuta.

Hakuna mwizi. Hakukuwa na mwizi siku hata moja.

22 Aprili

Sikusema.

23 Aprili

Sikusema. Bwana Rugamba alinisalimu kwa jina, akaniambia mkataba uko kwa mkurugenzi unasubiri sahihi.

24 Aprili

Shafiq amerudi. Nilimwonyesha lebo nne juu ya meza. Alikaa nazo muda mrefu, anazigeuzageuza.

"Ukisema," kasema, "watakuuliza kwa nini kwanza ulimtaja mwenzio. Watasema mlipanga. Watauliza na wewe babu yako ametoka wapi."

"Na nisiposema?"

Alimchukua Uwera akaenda naye kuosha lori. Aliporudi kasema tu, "Mimi nakuogopea." Sijawahi kumsikia akisema anaogopa, na anapita njia ile ya Dar kila mwezi.

26 Aprili

Mvua. Sikusema.

28 Aprili

Eddie amepiga. Nimetafsiri. Vituo vinasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa tano, baada ya hapo basi. Bwana Rugamba akatoka kidogo kutafuta karatasi. Eddie akasema haraka, kwa Kinyarwanda safi cha nyumbani kwa mtu, "Mwambie Évode mtoto ameivaa." Kumbe ni mtoto wa Wanyarwanda waliokimbilia nje, na mimi niliifanya lugha ya mama yake kuwa kosa.

30 Aprili, Ijumaa

Nilimwomba Jean-Bosco aniwekee mashineni kanda alizorekodi tarehe tano Machi. "Za nini?" Nikasema nakagua. Ya kwanza ilikuwa mpira. Ya pili mpira. Ya tatu hotuba, waziri anazungumzia kahawa. Hotuba ikaisha, ikaja chengachenga, chengachenga, nikataka kusema zima. Kisha mara, moto. Bibi Mukasine, katikati ya sentensi, anamgombeza mtoto: "Niache nimalize!" Dakika nne nzima. Hotuba ilikuwa fupi kuliko hadithi, mwisho haukufutika.

Jean-Bosco akawa wa rangi ya majivu. Akaizima. "Mama Uwera. Hukuona."

"Nimeona."

"Nina watoto wanne. Kidole kilichobonyeza ni changu."

"Uliambiwa rafu ya kushoto, ukafuta rafu ya kushoto. Kanda nilihamisha mimi."

"Huko hawatenganishi hivyo," kasema, na machozi yalikuwa karibu. Mtu wa utani wote ule. Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Hofu yake naijua, ni hii hii yangu.

1 Mei

Sikukuu. Nimekwenda Gisozi na maharage na sukari. Kamikazi kanikaribisha kama ndugu. Sikuweza kumwambia, nimelaza mtoto wake mapajani tu. Kanga yangu bado amemfunika.

2 Mei

Jana usiku nilimwambia Shafiq nitakwenda kusema Jumatatu. Asubuhi nimekuta amenipigia viatu rangi.

3 Mei, Jumatatu

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Rugamba. Sina la kufanya na mikono ndiyo maana naandika. Mvua imekatika, kwa mara ya kwanza naona kilima cha pili chote. Uwera nimemwacha kwa Mukabalisa. Nimemwambia yule mama nikichelewa asihesabu vijiko, ampe mtoto na mbuzi wote washibe. Hakucheka. Akanifunga vizuri kitambaa kichwani.

Kwenye kanga nimefunga kanda ya hotuba. Lebo nne ziko ndani ya daftari hili, kurasa za tarehe nne na tano. Nitamwonyesha na daftari, ingawa kuna pale nilipoandika mpira na fisi na mashavu. Asome. Mtu anayepanga uongo haandiki mambo ya mbuzi. Kurasa za simu ya Eddie na za Jean-Bosco nimezichana, hayo si yangu kuyatoa. Haya ya leo nayaandika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, nitaikunja pamoja na kurasa hizo nimpe Kamikazi.

Funguo nimezivua kiunoni. Ziko juu ya benchi pembeni yangu. Mkataba najua utakwenda. Pengine na mimi nitakwenda, sijui. Lakini jana nilifikiri jambo moja na sielewi kwa nini hakuna mkubwa hata mmoja aliyelifikiri. Kilichofutwa ni kanda. Bibi Mukasine yuko hai, yuko Kagugu pale pale, anazijua hadithi zote na anapenda kusimulia kuliko kula. Mafiga yapo, kuni zipo, watoto wa kumkatiza hawajakosekana Kigali. Siku nne anazisimulia upya, zinatimia kumi na tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Ila mtu wa kuzipanga na kuandika lebo ni mmoja, nao wamemfungia. Hilo nitalisema la mwisho, ili abaki nalo.

Nitaanza na paa. Nitasema, bwana mkuu, siku ile mvua ilikuwa inadondoka upande wa kulia, na mimi

Mlango umefunguliwa. Yuko Jean-Bosco ndani, amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, alifika kabla yangu. Macho mekundu, anasema, "Kidole ni changu." Bwana Rugamba anasema, "Mama Uwera, ingia, na hilo daftari pia," na nimemwambia ngoja nimalizie hapa tu, kwamba Évode